Suruali ya Baba Mbele ya Wanafunzi

Kila asubuhi nyumba hii hugombania kioo. Baba ni mwongoza wageni wa makumbusho, na hatoki nje sare ikiwa na mkunjo hata mmoja. Mama ni fundi cherehani. Sare zote za makumbusho kazishona yeye, kwa kitambaa kinachong'aa. Kinapendeza, ndiyo, lakini mchana ni kama kuvaa mfuko wa nailoni.

"Baba, umeshapendeza! Nipishe nichane nywele," binti yao alisema. Siku hiyo darasa lake lilikuwa linakwenda makumbusho.

Huko Baba alieleza vizuri kweli. Akapiga magoti ili awaonyeshe wanafunzi nyufa za chungu cha kale. Praa! Suruali ikapasuka nyuma. Darasa zima likaangua kicheko.

"He! Huyo si baba yako?" rafiki alimuuliza binti.

"Simjui," binti akajibu.

Baba alisikia. Alijiziba kwa kofia, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, jasho likimtiririka.

Jioni walikaa kula. Binti alishindwa kumtazama baba yake. Mama alisimuliwa yote, akaigeuza ile suruali kutazama mshono uliopasuka.

"Mwanangu kamkana baba yake kwa sababu ya mshono wangu," alisema. "Natamani ardhi inimeze."

"Mkuu wetu anataka kutafuta fundi mwingine," Baba akasema taratibu.

Kesho yake Mama alikwenda makumbusho kuomba radhi. Kwenye chumba cha nguo za kale alimkuta mhifadhi wa nguo hizo, mwanamke mcheshi mwenye glavu nyeupe.

"Hebu niambie, fundi. Uliwapimaje?"

"Wamesimama wima, mikono chini. Kama kawaida."

"Ehe! Kama bwana harusi anayepigwa picha! Watu wetu huinama, huchuchumaa, hupanda ngazi. Humu ndani anayesimama hivyo ni sanamu tu."

Mama aliinamisha kichwa. Hakuwahi kuwauliza kazi yao ikoje.

Mhifadhi akavuta droo, akamwonyesha shati la kale la pamba. "Tazama ndani. Mishono imeachiwa kitambaa cha ziada. Mwenyewe akinenepa, linapanuliwa. Kwapani kuna kipande cha kuongeza nafasi. Kiwiko kina kiraka. Ndiyo maana limedumu. Sare zako tunazitupa kila mwaka, na kitambaa kile kina plastiki, hakiozi. Sisi kazi yetu ni kutunza vitu, lakini kwa kujaza jalala hatuna mpinzani!"

"Dada yangu, naona aibu," Mama alisema. "Niombee kwa mkuu nishone sare ya mtu mmoja tu. Isipowafaa, mtafuteni huyo fundi mwingine."

Mkuu akakubali. Nyumbani, Mama alimpima Baba akiwa amepiga magoti, kisha amechuchumaa.

"Mke wangu, unanipima nguo au unanifanyisha mazoezi?" Baba alilalamika.

Binti alishika ncha ya futi ya kupimia.

Mama alitumia pamba nzito inayonyonya jasho. Aliacha nafasi kwenye mishono, akaongeza tabaka la pili magotini. Kitambaa cha jina alikifunga kwa vifungo, ili mtu akiacha kazi, mwingine aivae sare hiyo. Sare za zamani alizikata, akashona mifuko ya vifaa.

Baba aliivaa ile sare miezi na miezi. Kiwiko kilipochakaa kilitiwa kiraka, nguo ikarudi kazini. Mkuu akamwagiza Mama awashonee wote.

Mwaka uliofuata darasa lilikwenda tena makumbusho. Baba alifika kwenye chungu kilekile. Akasita, kisha akapiga magoti. Hakuna kilichopasuka.

"Huyu mzee anajua kueleza," rafiki wa binti alinong'ona.

"Ni baba yangu," binti akasema kwa sauti, uso ukimwaka kwa aibu. "Siku ile nilisema uongo."

Baba akakigeukia chungu, akajifuta macho kwa kofia, kisha akaendelea kueleza.