Udongo Uliokunywa Dizeli

Ephraim na mkewe Selipher walikuwa Wakenya. Walifanya kazi kwa kafili mmoja, yaani mwajiri aliyewadhamini, nje kidogo ya jiji la Riyadh. Ephraim alikuwa dereva, na pia alitunza bustani na jenereta. Selipher alipika na kufua katika nyumba ya bosi. Mtoto wao, Jeremy, alibaki Kenya kwa nyanya yake.

Kila asubuhi, kabla madam, mke wa bosi, hajaamka, Selipher alitoka kumwagilia sukuma wiki zake. Alizipanda kando ya ukuta, karibu na kisima.

Asubuhi moja ya Januari 2014 kulikuwa na baridi kali. Selipher alifika bustanini akakuta harufu ya mafuta. Udongo ulikuwa mweusi, na majani ya sukuma yamelala chini.

"Baba Jeremy! Njoo uone!"

Ephraim alikuja mbio. Paipu ya tangi la dizeli ya jenereta ilikuwa imepasuka. Alifunga koki haraka, lakini udongo ulikuwa umekunywa mafuta mengi.

Bosi wao, Abu Nayef, alipofika aliutazama udongo. Kisha akakitazama kisima.

"Maji haya yakiharibika, halas, kazi imekwisha," alisema. "Mtarudi kwenu, wote wawili."

Alipoondoka, Ephraim aliingia stoo. Alitoka na ndoo na sabuni ya unga.

"Nitauosha huu udongo mpaka utakate," alisema.

Selipher alimshika mkono. "Na hayo maji ya sabuni yataenda wapi? Si yatashuka kisimani?"

Ephraim aliweka ndoo chini. "Basi niuchome?"

"Uchome karibu na tangi la dizeli? Ngoja tumuulize kaka Zablon."

Zablon, kaka yake Selipher, aliishi Sharafiya, mjini Jeddah. Kampuni yake ilisafisha udongo uliomwagikiwa mafuta. Selipher alimpigia simu.

"Mwambie shemeji asiwashe moto, na asimwage maji," Zablon alisema. "Pale mafuta yalipotuama, chota udongo wa juu. Utie kwenye mapipa yenye vifuniko. Vaeni glavu. Msinywe maji ya kisima mpaka yapimwe. Juma hili nina kazi huko Riyadh. Nitapita."

Siku ya Ijumaa, Ephraim aliomba ruhusa akaenda kumchukua Zablon mtaani Batha, mjini Riyadh. Walipofika bustanini, Zablon alichukua udongo kidogo na maji kidogo ya kupimwa. Abu Nayef alisimama pembeni akisikiliza.

"Gari la taka za mafuta litachukua haya mapipa," Zablon alisema. "Udongo uliobaki tutausafisha hapa hapa. Watakaofanya kazi ni vijidudu."

"Utavileta kutoka wapi?" Ephraim aliuliza.

"Vimo humu tayari, shemeji. Ni vidogo mno, huwezi kuviona kwa macho. Vinakula mafuta."

"Kama vinakula, mbona mafuta bado yako?"

"Wewe ukila ugali mtupu kila siku, utakuwa na nguvu?"

Selipher alicheka. "Huyu? Atalalamika siku ya kwanza."

"Basi vijidudu navyo ni hivyo. Dizeli ni ugali mtupu. Vinataka mboga, yaani virutubisho, naitrojeni na fosforasi. Hivyo viko kwenye mbolea ya dukani. Vinataka pia hewa na unyevu."

"Na baridi hii?" Selipher aliuliza.

"Baridi huvipunguzia kasi. Kampuni ilinipeleka mafunzoni kaskazini mwa Kanada. Kule udongo huganda kama nyama ya friji. Vijidudu vya kule vimezoea baridi, lakini ardhi ikiganda kazi karibu inasimama. Kiangazi chao ni kifupi. Kikifika, watu huweka mbolea na kugeuza udongo upesi, na kazi inaanza tena. Hapa kwenu baridi ni kidogo. Usiku funikeni kwa nailoni nyeusi ili joto la mchana lisipotee."

Waliuhamishia udongo juu ya turubai nene, mbali na kisima. Majibu ya vipimo yalipotoka, Zablon alipiga hesabu ya mbolea. Akasisitiza, "Msizidishe."

Ephraim aligeuza udongo kila juma. Selipher alinyunyiza maji, udongo uwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Lakini harufu haikuisha haraka. Ephraim alikosa subira. Akamwaga mbolea nyingi upande mmoja.

Mwezi uliofuata, upande wa pili ulianza kubadilika rangi. Ule wenye mbolea nyingi ulinuka vilevile. Ephraim alipiga simu Jeddah, akasema ukweli.

Zablon alimweleza. "Mbolea ina chumvi, shemeji. Ikizidi, huvinyonya maji vijidudu, vikafa. Chukua udongo wa upande mzuri, uchanganye na ule. Halafu usiongeze chochote."

Ephraim alitii. Siku za joto zilikuja, na kazi ikaenda mbio. Harufu ilipoisha, Selipher alitaka kupanda sukuma.

"Bado," Zablon alimwambia. "Pua si maabara."

Walituma udongo ukapimwa tena. Majibu yalionyesha kwamba mafuta yamepungua sana. Udongo ule ulifaa kwa maua, lakini si kwa chakula. Maji ya kisima yalikuwa yamepimwa mara mbili, na mara zote mbili yalikuwa salama. Madam akachagua yasmini. Selipher alipewa sehemu nyingine, nyuma ya jiko, apande mboga zake.

Jioni moja Abu Nayef alimwita Ephraim.

"Nanunua tangi jipya. Nionyeshe wewe, tuliweke wapi?"

Ephraim alitembea hadi pembe ya mbali kabisa na kisima. "Hapa, baba."

"Na chini yake kuwe na beseni la saruji," Selipher aliongeza. "Dizeli ikivuja, ibaki humo."

Abu Nayef aliwatazama wote wawili. "Tayib, vizuri," alisema. Kisha akatoa simu na kumwita fundi.