Metali ya Pili

Geoffrey alitoka mtaa wa mabanda wa Raila kwa pikipiki bila kugeuka nyuma.

Kosa hilo. Mita themanini nyuma yake, juu ya bodaboda aina ya Boxer, alikuwapo mwanamke mwenye beseni, kipande cha sabuni na leso iliyokazwa kiunoni. Ndani ya leso kulikuwa na bastola, Glock 19. Walipita kituo cha Olympic, wakaingia Ngong Road, wakakata Naivasha Road kuelekea Kawangware.

Simu ya mwanamke ilitetemeka. Obonyo, mkubwa wake katika Idara ya Ujasusi.

"Nguo zimekauka?"

"Bado. Lakini nimemwona anayezianika."

"Daktari Wamuyu anataka jina la sumu kabla ya saa saba, Aluoch."

"Risper?"

"Bado anapumua."

Simu ikakatwa. Saa tano na dakika ishirini.

Siku tatu kabla, Geoffrey huyohuyo, kijana mpole mwenye koti jeupe, alikuwa amemimina dawa ya bure ya kusafisha maji kwenye tangi moja la Raila. Watu kumi na tisa walilazwa na dalili za taifodi. Hapo ndipo ulipokuwa ujanja wenyewe. Mgeni mmoja aitwaye Radek alikuwa na mnunuzi ng'ambo aliyetaka sumu inayofanana na taifodi, na maskini wa Raila ndio waliochaguliwa kuijaribu.

Maabara ilikwisha kuona shaba katika damu yao. Lakini shaba hiyo ilifungwa pamoja na metali nyingine, na majibu ya hiyo ya pili yangechukua siku mbili. Wagonjwa hawakuwa na siku mbili. Kukisia nako kulikuwa hatari, maana dawa inayomwokoa aliyekula zebaki humuua aliyekula kadmiamu.

Risper, muuza dagaa wa omena, mmoja wa wale kumi na tisa, alikuwa mdogo wake Aluoch. Wazazi walikwisha kufa. Walikuwa wamebaki wawili tu.

Aluoch aliogopa, na hakuona haya kukubali.

Gatina, ndani ya Kawangware. Jumba la kupangisha la ghorofa nne. Geoffrey alipanda ngazi mbili mbili. Aluoch alisimama kwenye bomba la uani, akajaza beseni maji, akakoroga sabuni, akalitwika. Mlinzi hakumtazama mara ya pili. Mama fua huingia popote Nairobi. Hata mke wa waziri huulizwa kitambulisho kabla yake.

Kwenye ghorofa ya nne harufu ya petroli ilimpokea.

Mlango ulikuwa nusu wazi. Radek, mrefu, shati limelowa jasho, alikuwa akimwaga petroli juu ya meza yenye chupa na mizani. Kwenye sinki madaftari yalikuwa yamegeuka majivu.

"Nilikwambia usirudi hapa," alisema kwa Kiswahili cha kuungaunga.

"Boss, ngoja tu nisome hizi plates!" Geoffrey alikuwa amekumbatia kasha la kubebea soda baridi, lililotobolewa na kutiwa balbu ndani ili bakteria waliooteshwa kwenye sahani za maabara wapate joto. "Masaa ishirini na nne inaisha saa sita. Kazi ya mwezi mzima, boss!"

Watu kumi na tisa wanakata roho, na msomi wetu analilia sahani zake!

Radek alitoa kiberiti chake cha chuma, Zippo.

Kupiga risasi ndani ya mvuke ule kungewachoma wote watatu. Aluoch aliusukuma mlango kwa bega na kumwagia Radek beseni zima usoni. Zippo ilidondoka kabla haijawashwa. Mkono wa Radek ulikimbilia kiunoni. Ulichelewa. Kisigino cha Aluoch kilitua kwenye goti lake, goti likalia, na alipoinama kiwiko kikamshukia kisogoni.

Radek alilala. Pingu za plastiki zikafuata.

"Metali ya pili ni gani?" Aluoch aliuliza huku akifungua dirisha.

Geoffrey alizidi kulikumbatia kasha. "Madam, mimi niliambiwa ni dawa. Ati ya kuua bacteria."

"Na watu walipoanza kuanguka?"

Geoffrey alitazama majivu kwenye sinki.

"Geoffrey. Ni gani?"

"Nikisema, nimejifunga mwenyewe. Notebook zote zimechomeka. Hamna kitu mnaweza prove."

Aluoch hakumbembeleza. Kabla ya Idara kumchukua, alikuwa amesoma kemia miaka minne. Alijua kwamba anayetaka kujua nguvu ya mchanganyiko lazima aweke kando yake shaba peke yake, na ile nyingine peke yake, la sivyo hataweza kusema ni ipi inayoua. Alimpokonya kasha, akatoa sahani moja, akaigeuza chini juu.

Mwandiko safi wa kalamu nyeusi. Cu. Cd. Cu-Cd. Maji.

Kuzunguka Cu-Cd kulikuwa na duara pana ambamo hakuna kilichosalia hai.

"Control ni lazima," Geoffrey alinong'ona, machozi yakimtoka. "Bila control si sayansi."

Aluoch alipiga simu hospitalini.

"Daktari, ni kadmiamu. Shaba na kadmiamu."



"Una uhakika?"

"Sahani ninayo mkononi."

"Aluoch, Risper alianza kuzama ghafla. Nikaona nikingoja nitampoteza. Nikakisia zebaki, nikampa dawa yake. Mwili haukustahimili. Ametuacha dakika kumi zilizopita. Pole sana."

Aluoch aliegemea ukuta. Ilimuuma hadi akatamani Radek azinduke ili ampige upya.

"Wale kumi na wanane?"

"Sijawagusa."

"Anza nao sasa hivi."

"Nimeshawatuma manesi." Daktari alivuta pumzi. "Kuna karatasi za kusaini. Nimpigie nani wa familia?"

"Nimebaki mimi. Nakuja."

Vishindo vya buti vilipanda ngazi. Antony wa Idara aliingia na watu wanne, akamwona Radek sakafuni, akatabasamu.

"Kazi safi, madam. Gari iko hapo chini. Niwashe king'ora tukupeleke hosi?"

Aluoch alimkabidhi ile sahani, akakaza leso yake kiunoni.

"Usiwashe," alisema akishuka ngazi. "Sina haraka tena."