Faili Namba Kumi na Nne

Mvua ilikuwa imekatika nusu saa tu, na soko la mtaa wa Kenya pale Lubumbashi lilijaa watu hadi pa kuweka mguu hapakuonekana. Mwenya Dorcelle alikuwa ameinama mbele ya rundo la madumu ya manjano, yale ambayo mji mzima huyaita bidon, akiingiza pua ndani ya moja baada ya jingine. Kitenge chake cha kijani kilimkaa sawasawa kiunoni, nywele zimesukwa kurudi nyuma, na miguuni alivaa buti za mpira zenye matope ya Kasungami, mtaa aliokulia pembezoni mwa mji. Ananusa, anaweka kando. Ananusa, anasukuma huko.

"Mama, hii bidon yote ni ya kutia munkoyo ya kunywa ku ndoa?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi kwa bidii, amekumbatia madumu mawili kama mtu aliyeokota mapacha. Dorcelle hakuinua uso.

"Ni ya maji. Na ile yenye umeshika, weka chini. Ilitoka Kasumbalesa na mafuta."

"Lakini walishaiosha. Ona inang'aa."

"Hata uisukule mara saba, mafuta inabakia mu plastiki. Kisha inakuya kudanganya vipimo ya maji, ba analyses. Nusa."

Kijana akanusa. Harufu ya mafuta ya kupikia ikampanda hadi machoni, akacheka kwa aibu.

"Na wewe ni nani, mwenye kujua analyses?"

"Na weye ni nani, mwenye kubeba bidon bila kunusa?"

Alikuwa Séverin, mtoto wa wafanyabiashara wa mji wa Butembo, aliyewaachia ndugu zake duka la jumla ili yeye asome kemia. Alikuwa amefika wiki hiyo kuwa mkuu mpya wa maabara katika kituo cha utafiti wa maji. Dorcelle aliposikia hivyo akasimama wima, akajifuta mikono.

"Basi bonjour, chef. Miye njo ninaletaka maji yenye utakuwa unapima."

Nikuambie kituo hicho kilivyokuwa. Watafiti kumi na mmoja, wanaume kumi na mmoja. Wanawake wanane: katibu mmoja, wafagiaji watatu, na wasaidizi wanne waliobeba madumu, Dorcelle akiwa mmoja wao, na shahada yake ya kemia imelala kabatini mwaka wa sita. Kila tarehe nane Machi, Profesa Mumba, mkurugenzi, aliwagawia kitenge cha sare, akakata keki, akasifu usawa, kisha picha ikapigwa. Kuvishwa kilemba cha ukoka ndiko huko, ila cha kwao kilikuwa cha yadi sita.

Mapenzi ya hao wawili yalianzia kwenye kazi. Dorcelle alimwonyesha Séverin kosa la miaka mingi: watafiti walikuwa wakienda kupima visima vya Kasungami jua likiwa limepanda na maji mapya yamejaa, wakati akina mama huchota alfajiri, maji yakiwa yamelala usiku mzima juu ya tope lake. Maji ya watafiti yalikuwa safi. Maji yaliyonywewa na watoto yalikuwa na madini yenye sumu. Lilihitaji mtu aliyekua akiamshwa alfajiri kwenda kisimani kuliona jambo hilo, na watu wa namna hiyo kituo kiliwapa ndoo tu.

Séverin alimpenda kwa akili hiyo, na kwa vishimo vya mashavu pia, tusidanganyane. Kila jioni alimpigia simu.

"Allô, chérie. Umekula?"

"Nilikula bukari na samaki ya vitoyo, ile ugali ikanishibisha. Weye?"

"Nilikula mikate mbili, nikifikiria wewe."

"Mikate mbili? Basi haunifikirie sana. Mutu mwenye kupenda anakula moja."

Mwaka ukapita hivyo. Ndipo Dorcelle akafanya jambo ambalo hakuna msaidizi aliyewahi kulithubutu: aliandika barua, wanawake wote wanane wakatia sahihi, kudai kwamba nafasi ya utafiti ikitokea, mafaili yasomwe bila jina, bila picha, bila mtaa. Namba tu. Profesa Mumba alikuna kichwa miezi mitatu, akakubali. Februari nafasi moja ikatangazwa, na mafaili kumi na manane yakaingia. La Dorcelle lilipewa namba kumi na nne.

Wasomaji walikuwa watatu, Séverin mmojawapo. Alifungua namba kumi na nne, na katika ukurasa wa pili akakuta: "Dumu hunuswa kabla ya kutiwa maji." Moyo ukamwenda mbio. Hapo ndipo alipaswa kufunga faili, kusimama na kusema kwamba mwenye faili anamjua. Badala yake aliwaza midomo ya watu kituoni: mkuu amempa mpenzi wake kazi. Akaona heri aonekane msafi. Akaandika tisa juu ya ishirini.

Wenzake wawili, wasiomjua mwenye namba, waliandika kumi na sita na kumi na saba. Dorcelle akakosa kwa alama mbili.

"Munaona, ba mama," Profesa Mumba alisema kwa upole wa kukera. "Tulifunga macho, kama mulivyoomba. Na bado ni mwanaume njo amepita."

Neno hilo liliwauma wanane wote. Kesho yake Mama Joséphine, katibu, mwanamke wa makamo aliyekuwa ameona mengi, alimwita Dorcelle pembeni akamwonyesha karatasi ya alama. Kila alama ilikuwa na jina la aliyeitoa.

Dorcelle hakulia. Alitoka nje, akasimama karibu na tangi la maji, akapiga simu.

"Namba kumi na ine, ulijua ni yangu?"

Séverin alishusha sauti. "Nilijua."

"Ulipatia ngapi?"

"Chérie, sikia kwanza..."

"Ngapi?"

"Tisa."

"Ilikuwa mubaya?"

"Hapana. Ilipita zote. Lakini ningekupatia kumi na nane, wangesema ni juu ya mapendo. Nilitaka tubakie safi."

"Tubakie? Weye njo ulibakia safi. Miye nilibakia na bidon. Bale babiri hawanijue, banaona kazi yangu. Mwenye kunipenda njo alinikata."

"Ningefanya nini, Dorcelle?"

"Ungeamuka, useme huyu mutu ninamujua, ninatoka. Maneno kidogo tu, na ukashindwa. Sasa miaka kumi ingine watasema tulifunga macho na banamuke bakaanguka. Usinipigie tena."

Séverin alipiga, hakupokelewa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Alimsubiri getini na mwavuli, Dorcelle akapita katika mvua kichwa juu, kitenge kikimshika miguuni, na kumpenda bado anampenda, jambo lililomwongezea hasira.

Tarehe nane Machi ikafika. Vitenge vilikuwa vimekwisha kugawiwa, vya zambarau safari hii, vyenye nembo ya kituo. Siku moja kabla, wanawake walikutana chumba cha kuoshea chupa.

"Batatufukuza," alisema Gracia, mfagiaji, msichana mwembamba ambaye mama yake alimtegemea.

"Batufukuze tarehe munane?" Dorcelle akamjibu. "Halafu picha bapige na nani?"

Gracia akafikiri, akacheka.

Ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki, muziki, keki yenye maua ya sukari, na mpiga picha. Wanawake wanane waliingia kwa mstari, wote wamevaa makoti meupe ya maabara, wafagiaji na katibu vilevile. La Gracia lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Mmoja mmoja waliweka vitenge vyao, vimekunjwa vizuri, mezani kando ya keki. Muziki ukazimwa na mtu ambaye hakutumwa.

"Papa Directeur, tunakushukuru," Dorcelle alisema. "Bitenge tuko nayo ku nyumba, ya miaka sita. Leo tunaomba kintu ingine. Dossier zote kumi na munane zisomwe tena, na bantu ba inje, benye hawatujue. Kasungami banakunywa ile maji kila siku. Hapa ndani hakuna hata mumoja wa Kasungami mwenye jina yake iko ku rapport."

"Dorcelle, leo ni siku ya furaha."

"Ni siku yetu, Papa. Tumeamua kuitumia."

Profesa alifungua mdomo kutaja utaratibu, na alama zilizokwisha kutolewa kwa haki. Ndipo kiti kikasogea nyuma. Séverin alisimama, shati jeupe, uso umemkauka.

"Hazikutolewa kwa haki," alisema. "Ile tisa ya namba kumi na nne ni yangu. Nilijua ni ya nani, na sikutoka. Nilimuangusha ili watu wanione muzuri. Ile dossier ilipita zote. Andikeni hivyo, na jina yangu."

Alijua cheo anachokivua pale mbele ya watu wote na keki. Wiki mbili baadaye barua ikaja: ukuu wa maabara ameondolewa, abaki mtafiti wa kawaida. Hakuipinga.

Mafaili yalisomwa upya na wasomaji watatu kutoka mji mwingine, wawili kati yao wanawake. Namba kumi na nne ikawa ya kwanza, aliyemfuata yuko mbali, na nafasi ikawa ya Dorcelle. Ripoti ya visima ilipotoka, jina la Mwenya Dorcelle lilikuwa mbele, na visima viwili vya Kasungami vikafungwa, akina mama wakachimbiwa kingine. Vitenge vya zambarau vilikatwa kuwa mapazia ya maabara. Profesa Mumba anayapita kila siku.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, kavu na yenye baridi ya asubuhi, Dorcelle alikwenda soko la Kenya. Mbele ya rundo la madumu alimkuta mtu mrefu ameinama, pua ndani ya bidon.

"Hiyo ni ya mafuta," Dorcelle alisema kwa nyuma.

"Najua. Nilinusa." Séverin aliinuka. Alikuwa amekonda. "Sikukuja kukuomba unisamehe. Nilikuja kuuliza. Bidon ya mafuta, hata mara saba haitakati. Na mimi?"

Dorcelle alimtazama, watu wakiwapita na mikungu ya ndizi vichwani. Alikuwa amejizuia miezi miwili, na sasa hakutaka tena kujizuia.

"Weye haukubeba mafuta. Ulibeba woga. Woga inatokaka, nilikuona siku ile inatoka."

"Basi nipeleke kwenu. Nitaita wazee wangu watoke Butembo, wakuje na mahari."

"Utakuya. Lakini mbele ya mahari, utaambia papa yangu ile tisa. Weye mwenyewe, na mudomo yako."

Séverin akaliweka chini dumu la mafuta. "Na akinipatia mimi tisa?"

"Utarudisha dossier," alisema Dorcelle, "mpaka upite."

Kisha akachukua dumu jingine, akalinusa kwa makini, akamwekea mikononi. Lilikuwa safi. Akatangulia katikati ya watu, naye akamfuata akilibeba.