Sura Aliyoiacha Marehemu

Jumatatu ile tuliamka vizuri tu. Dada yangu alipiga pasi gauni lake, mimi nikaenda kung'olewa jino, tukaagana tukutane kazini mchana. Kazi yetu ni kusahihisha vitabu kabla havijachapwa. Dada husoma kwa sauti, pamoja na kila alama, nukta na mkato, nami humfuata kwa macho kwenye nakala nyingine. Sauti yake ndiyo iliyokuwa inatulisha.

Kitabu cha wiki ile kilitokana na tamthilia ya upelelezi ya kwenye runinga, ile iliyofanya watu waunguze vyungu jikoni. Lakini kitabu chenyewe, ovyo! Mpelelezi asiyetabasamu kamwe kwenye runinga, humu anacheka kila ukurasa. Muuaji unamjua ukurasa wa tatu. Mwandishi alikuwa mwalimu mstaafu asiye hata na runinga. Alipewa picha tatu za waigizaji na wiki sita. Akafa kabla hajaandika sura ya mwisho, ya kumi na mbili. Bosi wetu, mtu mkavu wa macho, akafuta jina lake kwenye jalada, akamwambia dada, "Malizia wewe. Nusu ukurasa inatosha." Dada akamalizia kwa hasira, robo saa tu.

Yaliyofuata aliniandikia kwenye karatasi, maana tangu siku ile hajatamka neno.

Jumatatu ile nilichelewa kwa daktari wa meno. Akachoka kunisubiri, akaanza kusoma peke yake mbele ya kiti changu kitupu. Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa dirishani. Alipofika kwenye ile nusu ukurasa yake, akasahau kutaja alama.

"Nukta," kiti kikasema.

Akadhani ni mtu wa kwenye korido. Akasoma sentensi nyingine.

"Siyo hivyo," sauti ikanong'ona. Ya kizee. Yenye kikohozi.

Dada yangu haogopi mtu, na mdomo umeshamponza mara nyingi. Akasimama.

"Kitabu chenyewe kibovu!"

Kiti kikasogea.

"Basi nipe hiyo sauti, nimalizie."

Hasira hasara, wahenga hawakukosea. Nilipofungua mlango nilimkuta midomo inamchezacheza, bila sauti. Nikamshika mabega. Baridi. Aliponiandikia yaliyotokea, nikamkimbilia bosi, nikamlilia afute ile nusu ukurasa, arudishe jina la mzee wa watu.

"Niondoleeni uchawi wenu hapa," akasema. "Kesho kinaingia mtamboni."

Sitamsamehe.

Kwa siku tatu midomo ya dada haikutulia, hata usingizini. Siku ya nne ikatulia. Nikamshukuru Mungu, kumbe mapema mno. Sauti haikurudi, nikampeleka kwa daktari. Daktari akamwambia apanue kinywa, akawasha tochi, akachungulia muda mrefu.

"Dada yako amekula nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikasogea. Juu ya ulimi kulikuwa na maandishi meusi, madogo, yamepangwa mistari. Wa kwanza ulisomeka: *Sura ya Kumi na Mbili*. Mingine iliteremka kooni, ikapita pale mwanga wa tochi ulipoishia.

Daktari akachovya pamba kwenye dawa, akausugua ulimi kwa nguvu.

Pamba ikatoka nyeupe.