Alama Nyekundu kwenye Nguzo ya Kalume

Soko la Malindi lilifurika watu asubuhi hiyo. Mwikali, mhandisi wa majengo mwenye ofisi Kilifi, alikuwa akipanda ngazi za jengo kuukuu la mafundi cherehani, macho yake yakiwa darini, akamkumba kijana aliyebeba jora la kitenge. Jora likafunguka, likateremka ngazi hadi kwa wauza mchicha.

"Pole, kaka."

"Si neno. Ila kimekula vumbi, itabidi ukivae wewe."

"Nitashonewa na nani?"

"Na Kalume. Ndiye mimi."

Akampima siku ileile, kofia ngumu ya kazi ikiwa bado kichwani mwa Mwikali. Rinda lilipokuwa tayari, simu zilikuwa zimekwisha kuwa za kila jioni.

"Umekula, malaika?"

"Nimekula vumbi la zege."

"Hilo halishibishi. Njoo nikununulie viazi karai."

Mwenye jengo alitaka Mwikali aseme kama ghorofa ya juu ingali salama. Isipofaa, Kalume na wenzake wangetolewa. Hesabu ya kwanza, iliyofuata viwango vya jengo jipya, ilikataa. Mwikali akaomba Mungu, na bila kumwambia Kalume akaenda na rangi nyekundu kutia alama pa kutoboa, apate vipande vya zege vya kupima. Kalume alipofika alikuta msalaba mwekundu kwenye nguzo iliyo kando ya cherehani yake. Nani asiyeijua alama ya kubomolewa?

"Ungeniambia mwenyewe," alisema kwenye simu.

"Kalume, nisikilize."

"Watu wa bara mnamaliza kazi, mnaondoka. Nilionywa."

Akakata. Hakupokea tena.

Wiki kadhaa baadaye, Jumamosi, Mwikali alipanda ngazi zile amevaa rinda lake la kitenge. Mama Kache, fundi mkongwe wa ghorofa hiyo, akasimamisha cherehani ili asikie vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mseme huyo Kalume."

Mwikali akamgeukia Kalume. "Mteja wa Magarini akiagiza rinda kwa simu, hujamwona, unafanyaje?"

"Naliongeza upana. Heri lipwaye kuliko limbane."

"Na mimi je?"

"Ulikuwa mbele yangu. Nilikupima, nikaacha kidogo cha mshono."

"Basi jengo lililo bado kwenye karatasi ni mteja wa Magarini. Kwenye hesabu mzigo tunauzidisha, nguvu tunaipunguza, kila kimoja kwa kadiri ya mashaka yake. Hili limesimama mbele yangu. Alama ile ilikuwa ya kutoboa. Zege limepimwa maabara, nondo zilizomo ndani nimezitafuta, mizigo yenu nimeipima. Mashaka yamepungua, na tahadhari tumeipunguza kwa kiasi hicho. Cha mshono kimebaki."

"Na ghorofa?"

"Imepita. Ila majora mliyorundika kona ile yashuke chini, na pasikae mtu hapo hadi boriti yake itengenezwe."

"Mungu ni mwema," akasema Mama Kache.

Kalume aliitazama nguzo. "Nilikukadiria kwa hofu za watu. Sikukupima. Nisamehe."

"Na mimi ningesema kabla ya kushika rangi."

Kalume akavuta tepu ya kupimia shingoni mwake. "Naomba kidole. Kile cha pete."

"Utaacha nafasi?"

"Kidogo. Maisha ni marefu, na viazi karai ni vitamu."

Mwikali aliinamisha kichwa, akafumba macho kuomba, kama afanyavyo kabla ya kila hesabu. Kisha akamnyooshea mkono wa kushoto.