Sakafu Nyekundu ya Bibi

Hebu niambie, msomaji wangu: fundi akija kujenga kwako, unamwonyesha nini kwanza? Mahali pa kujenga, si ndiyo? Na mahali pasipotakiwa kuguswa, umewahi kumwonyesha?

Familia moja haikumwonyesha. Sikiliza yaliyowapata.

Baba alikuwa dereva wa lori. Mama alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Binti zao wawili walilala chumba kimoja na Bibi, mama yake Baba. Walimpiga mateke usingizini mpaka akawa analala ukingoni, kama mzigo unaotaka kuanguka. Ndipo Baba akaamua kumjengea mama yake chumba nyuma ya sebule.

Sebule ile ilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu. Marehemu mume wa Bibi ndiye aliyeitengeneza, kwa mikono yake. Kila Jumamosi Bibi aliipaka nta na kuisugua kwa kitambaa, mpaka iking'aa ukaona ndani yake miguu ya viti imesimama kichwa chini. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Lakini sebuleni hakushika ukuta wala fimbo. Alitembea peku. Akikanyaga ufa mdogo, alijua amefika mlangoni. Akikanyaga palipobonyea, alijua cherehani iko karibu.

Siku ya kwanza mwashi alifika na toroli lake. Mtaani walimwita Fundi Chapuchapu.

"Toroli litapita wapi?" Mama aliuliza.

"Hapahapa sebuleni, shemeji. Kile kichochoro cha ubavuni kimeziba."

Kilikuwa kimeziba kweli. Palirundikwa viti vibovu ambavyo Baba alisema atavitengeneza wiki ijayo. Wiki hiyo ilianza kungojewa kabla mtoto wa kwanza hajaota meno.

"Na sakafu je?"

"Tandika nailoni, yamekwisha."

Mama akatandika nailoni harakaharaka. Hakufagia. Siku mbili nzima toroli lilipita na kurudi, limejaa matofali na mchanga, maji yakimwagika njiani, na saruji ikakorogwa hapohapo sebuleni.

Siku ya tatu asubuhi Bibi alitoka chumbani. Nailoni ilikuwa imesogea. Alikanyaga pale palipokuwa wazi, akasimama ghafla.

"Wanangu, mbona sakafu inanikwaruza?"

Mama akafunua. Lo! Mikwaruzo tele, kama paka kumi wamepigana pale. Maji yaliyonaswa yalikuwa yameacha mabaka meupe. Vidonge vya saruji vilikuwa vimeganda kama ukoko wa sufuria.

"Msihangaike," alisema Fundi Chapuchapu. "Mwishoni tutaweka vigae, chumbani kwa Bibi na hapa pia. Hii ya kizamani haitaonekana tena."

Baba akamgeukia mama yake. "Mama, unataka vigae vyeupe au vya maua?"

"Vyovyote, mwanangu. Mtakavyoona ninyi."

Akaomba fimbo yake. Akatoka nje polepole, akipapasa kama mgeni.

Mama aliitazama ile fimbo. Hakuwahi kumwona Bibi akiishika ndani ya nyumba. Akaenda kumwita jirani yao, fundi wa kupaka rangi aliyezoea kufanya kazi katika nyumba zenye watu. Wote walimwita Mama Brashi.

Mama Brashi alipiga magoti, akaipapasa sakafu.

"Inapona hii," alisema. "Lakini unajua kilichoiumiza? Ni mchanga ulioufungia chini ya nailoni. Mchanga ukikandamizwa ni msasa. Umempigia mama mkwe wako sakafu msasa siku mbili!"

"Usinichekeshe, dada. Nataka kulia."

"Utalia baadaye. Lete ufagio."

Walifagia, wakapiga deki, wakaacha pakauke kabisa. Kisha wakatandaza maboksi yaliyofunguliwa, na juu yake mbao nyembamba. Utepe wa gundi waliubandika kwenye maboksi tu, si kwenye sakafu, maana ukibanduliwa hung'oa nta na rangi.

"Nailoni itaingia wapi?" Mama aliuliza.

"Juu ya vyote, siku ya kazi ya maji tu. Jioni mnaifunua, pakauke. Na saruji ikidondoka, ifuteni papo hapo. Msingoje igande."

Fundi Chapuchapu aliguna. "Mtanichelewesha ninyi."

"Chapuchapu, kwako unakoroga saruji sebuleni?" Mama Brashi aliuliza.

"Thubutu! Mke wangu atanifukuza."

"Basi na hapa yupo mke wa mtu. Koroga nje. Tena, kwa nini umepita ndani? Jenga chumba chote kutoka nje, paa na plasta. Ukuta wa sebule utoboe mwisho."

"Nipite wapi na viti vile?"

Wote wakamtazama Baba. Baba akakohoa, akakunja mikono ya shati. Jioni ile kichochoro kilikuwa wazi. Viti vitatu vilitengenezeka. Vingine vikawa kuni.

Wiki kadhaa baadaye chumba kilisimama. Siku ya kutoboa ukuta walitundika shuka lenye unyevu ili lizuie vumbi. Mlango ungepita palipokuwa na dirisha, na Mama Brashi alikuwa ameshauri dirisha lisivunjwe. Fundi Chapuchapu alishika nyundo kubwa, kisha akaiweka chini mwenyewe. Akachukua tindo, akachokoa saruji pembeni polepole. Dirisha likatoka zima, hata kioo hakikupasuka.

"Hili linaingia chumbani kwa Bibi," alisema, akijisifu kama wazo ni lake. Matofali mazima yaliyotoka ukutani yakajenga ngazi ya mlango wa nyuma.

Kabla ya kulipaka dirisha rangi, Mama Brashi aliilowesha ile rangi ya zamani, ndipo akaikwangua. Alijifunga kitambaa puani na kuwaweka watoto mbali. Vumbi la rangi ya zamani huweza kuwa na sumu.

Kisha maboksi yakaondolewa. Mama aliosha sakafu, akaikausha, akapaka nta nyekundu mara tatu. Mabaka yakafifia. Mikwaruzo ikazibwa na nta. Ulibaki mmoja tu, karibu na cherehani.

Bibi aliingia peku. Akapita kwenye ufa, akapita palipobonyea. Mguu wake ukagusa ule mkwaruzo.

"Huu mgeni," alisema, akacheka. "Nitamzoea."

Fimbo aliiacha mlangoni.

"Sasa, Mama," Baba alimwambia Bibi, "kesho tunamalizia chumba chako. Vyeupe au vya maua?"

Bibi alikuwa amefika kwenye mlango mpya. Akanyoosha mguu upande wa pili, kwenye saruji ghafi, akaurudisha.

"Mwanangu, wewe umeniuliza vigae vya namna gani. Hujaniuliza kama navitaka."

"Kwani huvitaka?"

"Vinateleza. Naviogopa. Nataka nyekundu kama hii, iungane na hii, nitembee kutoka kitandani mpaka mlango wa nje bila kushikwa mkono na mtu. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka tangu siku ya kwanza."