Mume wa Mwalimu

Luciana alikuwa mwalimu wa darasa la pili pale Laela, katika nchi ya Wafipa. Shule yake ilikuwa ya binafsi. Mwenye shule alikuwa Mzee Oswaldi, mnunuzi wa mahindi. Miaka ile watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua mazao na hata kujenga shule, na Mzee Oswaldi alifanya yote mawili.

Kila asubuhi Luciana alivaa sweta na kubeba mkoba wa vitabu. Mumewe, Alois, alibeba jembe. Walitoka pamoja mpaka barabarani. Ilikuwa mwezi wa Machi. Mvua zilikuwa nyingi na majani yalikuwa marefu.

Watoto wa shule walikuja mbio.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba! Hamjambo?"

"Hatujambo!" Kisha wakamgeukia Alois. "Shikamoo mume wa mwalimu!"

"Marahaba," Alois akajibu, na uso wake ukakunjamana.

Luciana alicheka. Alois hakucheka. Maneno yale yalimchoma, maana na yeye alikuwa mwalimu! Walisoma chuo kimoja, mwaka mmoja. Tena Alois ndiye aliyekuwa akimfundisha Luciana hesabu jioni baada ya chakula. Wote wawili walipata cheti. Lakini walipomaliza, serikali ilikuwa imesimamisha ajira mpya za walimu. Alois aliandika barua kwenye shule za Sumbawanga mjini. Hakuna aliyemjibu. Hakwenda kuuliza. Alikaa nyumbani, akangoja, akanuna.

Luciana yeye alikwenda kwa miguu mpaka kwa Mzee Oswaldi, akaomba kazi, akapata.

Basi Alois akaanza kumwonea mkewe wivu. Ni jambo la ajabu mtu kumwonea wivu anayemlisha, lakini hutokea, na hutokea sana.

Luciana akirudi na vumbi la chaki kwenye mkono wa sweta, Alois alisema, "Huna nafasi ya kujikung'uta? Au unataka watu wajue unatoka wapi?"

"Baba Avelina, chaki ni chaki tu," Luciana alijibu. Avelina alikuwa binti yao mdogo.

Akisahihisha madaftari, Alois aliinama juu ya bega lake kutafuta kosa. Akikosa kosa, alikasirika zaidi. Mwisho wa mwezi Luciana alimnunulia shati jeupe. Alois hakulivaa.

"Shati la mwalimu alivae mwalimu," alisema, akalitupia kitandani.

Siku moja majirani walikuja kumsaidia Alois shambani. Walilima kama Wafipa walivyolima tangu zamani. Walikata udongo pamoja na majani yake, wakaugeuza, wakafukia majani ndani ya matuta ya duara ili yaoze na kuwa mbolea. Baada ya kazi walikunywa pombe ya ulezi. Jirani mmoja, Timoth, alipenda utani.

"Alois, leo nani anatupikia? Mwalimu yuko kazini!"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mume wa mwalimu atatupikia!" Wakacheka tena, mpaka mzee mmoja akamwaga pombe yake.

Alois alitabasamu kwa meno tu. Moyoni alikuwa anaungua. Alikumbuka neno ambalo Luciana alimwambia chumbani, wakiwa wawili tu.

"Baba Avelina, nina wasiwasi. Mzee Oswaldi aliahidi kunishughulikia leseni ya kufundisha tangu Januari. Mpaka leo kimya."

Asubuhi iliyofuata Alois hakwenda shambani. Alikwenda ofisi ya Mratibu wa Elimu wa Kata. Mratibu alikuwa Bi Cornelia, mama mnene, mwenye sauti kubwa, aliyefundisha miaka mingi kabla ya kupewa ofisi ile.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Ajira za serikali bado. Lakini kaa, tuzungumze habari za shule za binafsi."

Alois hakukaa. "Nimekuja kusema neno moja. Kwa Mzee Oswaldi kuna mwalimu anafundisha bila leseni."

"Nani huyo?"

"Luciana."

Bi Cornelia aliweka kalamu chini. "Luciana yupi? Si mkeo?"

"Sheria ni sheria," Alois alisema, akatoka haraka.

Wivu una macho makali, lakini haujioni wenyewe. Njia nzima Alois hakujiuliza kama yeye ana leseni.

Siku chache baadaye mkaguzi wa shule alifika na Bi Cornelia. Waliomba kuona leseni ya Luciana. Haikuwapo. Mkaguzi alisema kwa upole kwamba aache kufundisha mpaka apate kibali hicho. Luciana alikusanya chaki zake, akawaaga watoto, akarudi nyumbani mchana kweupe.

"Kulikoni?" Alois aliuliza, kama mtu asiyejua.

"Wamenisimamisha. Kuna mtu amesema." Luciana aliketi, akafunika uso kwa kanga na kulia. Avelina alipomwona mama yake analia, naye akaanza kulia.

Alois alisikia utamu moyoni. Tusimfichie, alisikia utamu. Lakini jioni walikula ugali na maharage yasiyo na mafuta, na kesho yake Avelina aliomba sukari ya uji ikakosekana. Utamu ule haukufika mbali.

Hata hivyo, Alois alikuwa na shauri jingine. Nafasi ya darasa la pili sasa ilikuwa wazi. Alinyoa ndevu. Alivaa lile shati jeupe, lile lile alilolikataa, akaenda kwa Mzee Oswaldi. Alimkuta ghalani anapima mahindi.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia una darasa halina mwalimu. Mimi nipo."

"Marahaba. Wewe si mume wa Luciana?" Mzee Oswaldi alitikisa kichwa. "Pole, baba. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyemsema mkeo si mtu wa mbali."

Alois alitazama magunia.

"Una leseni?" mzee akauliza.

"Nina cheti, mzee. Alama zangu ni nzuri kuliko za Luciana."

"Cheti hata mkeo anacho! Mkaguzi amenionya. Asiye na kibali haingii darasani kwangu. Nami nina kosa. Niliahidi kumshughulikia, nikazama kwenye mahindi. Nenda ukatafute leseni, kisha tuzungumze."

Alois alirudi nyumbani polepole. Amemnyang'anya mkewe kazi kwa ajili ya kitu ambacho yeye mwenyewe hana! Sasa nyumba nzima haikuwa na mwalimu hata mmoja. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa amemtanguliza mkewe.

Luciana alimtazama mlangoni. "Umelivaa shati. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natembea tu."

"Basi kesho utembee na mimi. Nakwenda kwa Bi Cornelia kuuliza nifanye nini. Sitaki kwenda peke yangu."

Kesho yake walitoka pamoja.

Ofisini Bi Cornelia aliwakaribisha wote wawili. Alimtazama Alois kwa muda mrefu.

"Mama," Luciana alisema, "kwanza nataka kumjua aliyenisema. Nilimkosea nini?"

"Aliyesema alisema jambo la kweli," Bi Cornelia alijibu. "Jina lake si kazi yangu kulitangaza."

 Alois alishika magoti yake. Jasho lilimtoka, na Laela asubuhi ile ilikuwa na baridi.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?" Luciana akauliza.

"Mimi ndiye niliyesema."

Luciana alimgeukia taratibu. "Nilikuambia wewe. Nilikuambia wewe peke yako. Kwa nini?"

"Wivu, mama Avelina. Ni wivu tu. Sina sababu nyingine."

Luciana hakupiga kelele. Alimgeukia Bi Cornelia. "Endelea, mama. Nieleze habari ya leseni."

"Hayo mengine mtayamaliza nyumbani," Bi Cornelia alisema. "Sikilizeni wote wawili, maana wote mmekosea jambo moja. Mnadhani cheti kinatosha. Cheti kinasema ulisoma. Kibali kinasema umeruhusiwa kusimama mbele ya watoto. Ni vitu viwili."

"Lakini Mzee Oswaldi alisema atashughulikia," Luciana alisema.

"Kazi ni ya nani? Ni yako. Basi fuata wewe. Chukua fomu hapa. Mwenye shule aandike kwamba anakuhitaji, atie sahihi. Vyeti vyako usitoe vile halisi. Toa nakala, hakimu azigonge muhuri. Weka picha zako. Peleka ofisi ya elimu wilayani, na uombe wakuandikie kwamba wamepokea. Kisha usilale. Rudi ukaulize. Na kwa sababu utaratibu hubadilika, uliza kwanza ofisini kabla ya kujaza chochote."

"Na mimi?" Alois aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wewe ulituma barua ukakaa. Barua haina miguu, mwalimu. Nenda mwenyewe, wakuone. Na huku unatafuta, usikae bure. Nina watu wazima hapa wanataka kusoma na kuandika. Hawana mwalimu. Malipo hakuna, lakini ukifundisha vizuri nitakuandikia barua ya sifa. Mwenye shule akiuliza umefanya nini tangu chuo, utakuwa na jibu."

Zamani kidogo Alois angekataa. Siku ile alisema, "Nitaanza Jumatatu."

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Luciana hakumwita tena baba Avelina. Alimwita Mwalimu Alois, na jina hilo alilolitamani sana sasa lilimuuma. Walizungumza habari za picha na mihuri tu. Mpiga picha pale stendi aliwauliza kama wanataka na picha ya pamoja.

"Hapana," Luciana alisema.

Siku ya Jumamosi Luciana alichukua jembe, akamfuata shambani. Walikata udongo, wakaugeuza. Mwishowe Alois alisimama.

"Mama Avelina, nisamehe."

"Fukia majani kwanza," Luciana alisema bila kuinua kichwa.

Alifukia. Wakamaliza tuta, wakaanza jingine. Jua lilipokuwa juu, Luciana aliketi juu ya tuta na kunywa maji.

"Sikukasirika kwa sababu ya kazi," alisema. "Kazi nitaipata. Nimekasirika kwa sababu nilikuambia siri kama mume wangu, na wewe ukaisikia kama adui yangu. Siku nyingine ukisikia wivu, niambie mimi. Usiende kumwambia Bi Cornelia."

"Nitakuambia."

"Haya. Lete na hayo majani ya kule."

Alois ndiye aliyepeleka karatasi za Luciana Sumbawanga mjini kwa basi. Aliomba waandike kwamba wamezipokea, wakaandika. Baada ya wiki chache alirudi kuuliza, akaambiwa fomu imesimama. Mzee Oswaldi alikuwa amesahau kutia sahihi ukurasa wa pili! Angekaa nyumbani kungoja, ingelala pale mpaka mahindi ya mwakani. Alirudi nayo Laela, akasimama ghalani mpaka mzee alipotia sahihi.

Mwezi wa Julai kibali cha Luciana kilitoka. Alirudi darasani. Watoto walimkimbilia, wakamng'ang'ania sketi.

Je, wivu wa Alois uliisha siku ile? Haukuisha. Wivu si kupe, ukaung'oa mara moja ukautupa. Jioni Luciana alipoingia na vumbi la chaki, Alois aliusikia tena kifuani. Lakini safari hii alisema.

"Mama Avelina, leo wivu unanichoma."

"Sana?"

"Sana."

"Pole. Basi koroga uji huku wivu unakuchoma, mtoto ana njaa."

Alois akakoroga uji, mwishowe akacheka mwenyewe.

Darasa la watu wazima nalo liliendelea. Timoth, yule wa utani, alikuwa mwanafunzi wake. Siku alipoandika jina lake bila msaada, hakutania mtu. Alilitazama tu, kisha akaomba aliandike tena. Bi Cornelia alikuja kukagua, akaona, akaandika barua ya sifa kama alivyoahidi.

Alois aliichukua barua ile, akaenda mwenyewe kwenye shule tatu. Mbili zilimkataa. Ya tatu ilimwambia arudi mwakani. Kila alipokataliwa alirudi nyumbani na kumwambia Luciana, naye alimpa chakula na kumuuliza kesho anakwenda wapi. Mwisho wa mwaka Mzee Oswaldi alitaka kufungua darasa la nne. Alimwita Alois, akasoma barua ya Bi Cornelia, akatia sahihi fomu kurasa zote mbili bila kukumbushwa. Alois alikataa kuingia darasani mpaka kibali kitoke. Kilipotoka, aliingia.

Alikuwa mwalimu mzuri. Watoto wa darasa la nne walimpenda mno, hasa kwa hesabu.

Asubuhi moja Alois na Luciana walikuwa wanakwenda shuleni pamoja. Kila mmoja alibeba mkoba wake. Alois alikuwa amevaa shati jeupe. Kundi la watoto wageni, waliohamia darasa lake wiki ile, lilitokea nyuma likikimbia.

"Shikamoo mwalimu Alois!"

"Marahaba!"

Wakapita mbio. Luciana hawakumtazama hata kidogo. Alibaki amefungua mdomo, tayari kuitikia.

Walitembea hatua kadhaa. Kisha Luciana akasema polepole, "Baba Avelina."

"Naam."

"Leo wivu unanichoma mimi."

Alois hakucheka. Alilijua jambo hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale Laela. Alisimama katikati ya barabara, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti.

"Ninyi! Rudini hapa! Mmempita mwalimu!"